Mlango wa Stesheni ya Erlengrund

Nje ni Februari. Huku darini ni Oktoba daima:
Jumanne, tarehe kumi na nne, mwaka hamsini na nane,
saa moja na dakika kumi na moja asubuhi,
na garimoshi la Erlengrund halijafika.

Kila kitu nimekigawa kwa themanini na saba.
Mita moja imebaki upana wa ukucha,
msimamizi wa stesheni ana kimo cha punje mbili za mahindi,
na reli zimeachana milimita tisa:
si nane, si kumi.
Kwa ajili ya kumi nilikosana na Hartwig.

Mkaa huu ni mkaa wa kweli.
Niliuokota kwenye uwanja wao, chini ya magugu,
miaka mingi baada ya reli kung'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu,
nikausaga kwa kinu cha kahawa cha Mechthild.
Mke wangu alinunua kinu kingine. Hakusema kitu.
Kimya chake nakijua: si kusamehe, ni kuhesabu.

Behewa la nne lina mchubuko ubavuni,
kwa kuwa lilikwaruzwa darajani, na ripoti ninayo.
Ninayo idadi ya matofali ya dohani.
Sikuwa na rangi ya mlango.
Picha zote kumi na moja ni nyeusi na nyeupe,
na mlango ndani yake ni kijivu tu,
kijivu kinachoweza kuwa chochote.
Kanuni ya wilaya ilisema kijani.
Nikapaka kijani, nikalala.

Juzi akapanda ngazi Gerlinde Uhlig,
miaka sabini na minane, goti moja la chuma,
binti wa yule msimamizi wa punje mbili.
Akavua miwani, akavaa miwani nyingine,
akainama kama anayechungulia kisima.
Kwa muda mrefu nilisikia transfoma tu.

"Ndoo," akasema. "Hapa palikuwa na ndoo."
Nikamwambia hakuna picha yenye ndoo.
"Mpiga picha alituambia tuiondoe."

Nikaandika: ndoo.

Kisha kidole chake kikasimama hewani mbele ya mlango,
hakikugusa.
"Haukuwa kijani. Baba aliupaka buluu,
buluu iliyobaki kwenye kitanda cha mdogo wangu.
Alikipaka kabla mtoto hajazaliwa.
Halafu kitanda hakikuhitajika.
Rangi ilikuwa adimu, hatukuweza kuitupa."

Wakaguzi walipita, wakauona, wakaandika: kijani.

Nikapanga vizibo saba, nikachanganya buluu saba.
Hii ni ya polisi, alisema. Hii ni ya bahari ya kwenye kalenda.
Hii, itie maziwa. Bado. Ichachushe kidogo.
Ya saba aliitazama bila neno,
akaomba kiti.

Nikaupaka mlango akiwa ameketi, mlango nusu ya stempu,
pumzi nimeibana, mkono nao ukikumbuka umri wake.
Halafu, nimfurahishe, nikawasha umeme.
Garimoshi likachomoza kwenye handaki,
likazunguka kiwanda cha mbao, likasimama
saa moja na dakika kumi na mbili kamili.
Nikangoja sifa.

"Limewahi," akasema.
"Ratiba ninayo," nikasema, "imepigwa muhuri..."
"Ratiba, sawa. Ila lilichelewa dakika nne, kila siku ya Mungu.
Dereva alishuka nyuma ya kilima
kumpelekea mama yake mkate."

Basi siku hizi linasimama nyuma ya kilima cha plasta,
pasipoonekana na mtu, dakika nne.
Wageni hudhani limeharibika.
Hata Hartwig alikuja, akauliza kama ni nyaya.
Ngoja, nikamwambia.
Akangoja, kofia mkononi, 
pamoja na ndoo, na mlango, na yule msimamizi anayetazama saa.

Usiku huu naanza kumchonga mama wa dereva.
Hakuna atakayemwona.
Gerlinde ameniletea barua kwa posta, mstari mmoja:
aproni yake ilikuwa na mfuko upande wa kushoto tu.